Kichwa cha habari kipo, kichwa cha dada kiko wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 25, nahariri video kwenye TV moja ya mtandaoni hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni kutengeneza kava, ile picha ya mbele ya video. Bosi anataka kila video yenye mwanamke kava ioneshe shepu, hata kama dada wa watu kaja kuongelea biashara yake ya dagaa. Nikilalamika ananiambia mbona wenyewe wanajiposti hivyo hivyo Insta, nakosa jibu. Nimejaribu kusoma ufeministi nikachanganyikiwa zaidi, huyu anasema mwili wake chaguo lake, yule anasema ni udhalilishaji, na nyumbani wanasema tuvae vizuri yaishe. Mafeministi wako upande gani hasa? Na bosi nimjibu nini?"

Marahaba mdogo wangu, hujambo. Nilitaka nikujibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana humo ndani kuna maswali matatu umeyafunga kwenye khanga moja, na lile la bosi ndo jepesi kuliko yote, nitaliacha mwishoni.

Nianze na aibu yangu. Kabla sijaingia kufundisha nilikaa miaka minne dawati la picha kwenye gazeti moja la udaku hapa Dar, jina tuliache, na kazi ilikuwa kama yako tu ila enzi hizo hamna kava, kuna ukurasa wa mbele. Siku moja mpiga picha karudi na kadi imejaa picha za mkutano wa akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima kidogo, gauni la kitenge, kasimama kuuliza swali la riba, na picha zake zilikuwa nzuri kweli, kwenye moja kamnyooshea kidole afisa wa benki na afisa kainamia viatu vyake. Nikaiweka hiyo. Edita akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akazipitisha picha mpaka akafika kwenye ile moja ambayo mama kainama kuokota maiki iliyodondoka. Akaigonga skrini kwa kalamu, "hii". Nikamwambia bosi hapa sura haionekani. "Sura ya nini?" Halafu akasema, "shusha fremu". Basi nikashika kona ya fremu na mausi nikaivuta, kichwa kikatoka, nikaivuta tena, mkono wenye maiki ukatoka, kikabaki kitenge na kile alichokitaka. Juu yake likaandikwa tamko la maneno manne na alama tatu za mshangao. Yaani kichwa cha habari kipo, kichwa cha mama hakipo.

Sasa angalia nani kashika mausi. Mimi, mwanamke, mtoto wa mama ambaye naye alikuwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa.

Ndo maana nakwambia hicho kitu wanachokiita jicho la mwanaume watu wengi hawakielewi. Aliyelianzisha ni Laura Mulvey wa Uingereza, mwaka 1975, akiongelea sinema za Hollywood. Alisema kuna macho matatu yanamtazama mwanamke kwa mpigo, la kamera, la mwanaume aliyemo ndani ya hadithi na la mtazamaji aliyekaa gizani, na yote matatu yamepangwa upande mmoja, mwanaume anatenda na mwanamke anatazamwa. Wanaume wakisikia hivyo wanadhani wanatukanwa kwamba wana macho ya tamaa, wanaanza kujitetea kabla hawajaulizwa. Lakini yeye alikuwa anaongelea mahali kiti kilipowekwa. Kiti kikishawekwa pale, hata mwanamke akija kukikalia ataona kutokea pale pale. Mi nilikikalia miaka minne. We umekikalia sasa hivi na roho inakusuta, ambayo mi wakati ule haikunisuta mapema hivyo.

Baadaye wanawake weusi wakaongezea la kwao. bell hooks wa Marekani (jina lake aliliandika kwa herufi ndogo, usinisahihishe) mwaka 1992 aliandika kwamba mwanamke mweusi akiingia sinema hizo hata yule anayetazamwa siye yeye, ni Mzungu, kwa hiyo akajifunza kuangalia kwa jicho la kupinga, anaangalia huku anabishana na skrini. Ukiwaona mashangazi zako wanavyoangalia tamthilia za Kifilipino utajua hooks alikuwa anaongelea nini.

Kwetu huku fremu ilikuja na meli. Kuna postikadi za Unguja za zaidi ya miaka 100 iliyopita, utazikuta bado zinauzwa kwenye minada ya mtandaoni, zimepigwa na studio za Wagoa, watu wa asili ya Goa huko India, waliokuwa Mji Mkongwe, A. C. Gomes na wale ndugu Coutinho, zikiuzwa kwa wageni na abiria wa meli wapeleke kwao kumbukumbu. Ziko za bandari, za majumba, za mikarafuu, na ziko za wanawake. Mwanamke kasimamishwa mbele ya pazia la studio, khanga zake mbili, nywele zimesukwa, mkono kiunoni, na chini imechapwa kwa lugha ya Kizungu kitu kama "mrembo wa Kiswahili", basi. Jina la studio lipo kwenye kadi. La kwake halipo, yeye ni aina, kama karafuu daraja la kwanza na daraja la pili. Mi nikiziangalia zile kadi naenda moja kwa moja kwenye macho, na wengi wamekaza uso kweli kweli, kuna mmoja anaiangalia kamera kama mtu anayesubiri chake.

Na hao walikuwa na afadhali. Sarah Baartman, binti wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, mwaka 1810 alipelekwa London akawa anaonyeshwa kwa kiingilio kwa sababu ya makalio yake. Alifia Paris mwaka 1815, na hata maiti hawakuiacha, mwanasayansi Georges Cuvier akaupasua mwili, mifupa ikakaa makumbusho ya huko watu wanaitazama mpaka miaka ya 1970. Mandela ndo aliomba arudishwe, akarudi 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti, siku ya wanawake ya Afrika Kusini. Kwa hiyo bosi wako akikwambia kukata picha ya mwanamke mweusi ukaacha makalio tu ndo kontenti ya kisasa, mjulishe kwamba hiyo kontenti ina miaka zaidi ya 200, na wenzake walikata tiketi mlangoni.

Lakini usidhani wanawake wa huku walikaa wanasubiri nadharia. Siti binti Saad, mtoto wa shamba wa Fumba aliyeuza vyungu, alipoanza kutamba mjini Unguja kwa taarab wapinzani walimtungia wimbo wa kumkejeli, ushamba wake, kaniki yake, kwamba isingekuwa sauti angekula nini. Akawajibu kwa wimbo vile vile, kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Mwaka 1928 huyo kaenda zake Bombay kurekodi santuri, pwani nzima ikamjua kwa sauti wengi hata hawajamtia machoni. TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, kilipoanzishwa mwaka 1987 jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Wangeweza kuliita Sura ya Siti, wakachagua sauti.

Na mtihani wao mkubwa haukuchelewa, tena ulitoka chuo kikuu sio uswahilini. Sijui kama kizazi chenu mmesikia habari za Mzee Punch. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na kitu kama gazeti la ukutani, halina mhariri anayejulikana, wanafunzi wa kiume wanachora na kuandika kwa siri, asubuhi watu wanakuta imebandikwa. Wenyewe walijisifu kwamba Punch anasema ukweli bila kuogopa mtu. Aliyechorwa sana ni mwanafunzi wa kike, anachorwa viungo vimevimbishwa, maneno ya kumsimanga pembeni, halafu inakuwa marufuku kumsogelea, ukionekana unakula naye na wewe zamu yako imefika. Februari 1990 binti mmoja wa mwaka wa kwanza akajiua baada ya kuandamwa. Wanawake wakatoka, waandishi wakalibeba, Punch ikapigwa marufuku, na makelele yaliyoanzia pale yalichangia kutufikisha kwenye sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998.

Nataka ukae kidogo hapo kwenye Punch maana kuna kitu. Hapakuwa na kamera. Binti alivaa nguo zake zote, tena za heshima, akaenda darasani. Mwili uliobandikwa ukutani haukuwa hata wa kwake, ulichorwa na mtu mwingine kwa mkono wake na hasira zake. Sasa nani angemwambia "ungevaa vizuri yangeisha"? Na leo Punch kahamia kwenye simu, mtu anachukua picha yako ya mahafali umevaa joho mpaka kwenye fundo la mguu, anaiingiza kwenye programu ya akili mnemba inakuvua nguo ndani ya sekunde, inarushwa kwenye grupu la darasa. Joho lile lile.

Ndo jibu langu kwa nyumbani kwenu, kwa heshima zote, maana najua wanaongea kwa kukuhurumia.

Hii njia ya "tuvae vizuri" tumeshaijaribu kama taifa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku mini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Hata tarehe haijafika vijana wakaingia Kariakoo kukamata wanawake, wengine wakateremshwa kwenye mabasi. Kwenye magazeti wiki na wiki barua kwa mhariri, hoja kali pande zote, uzalendo, utamaduni, ukoloni mamboleo, na ukizisoma unashangaa jinsi taifa zima la ujamaa lilivyopimwa kwa mapaja ya makarani. (Suruali za kubana za wanaume zilikuwemo kwenye orodha, sawa, ila aliyekimbizwa barabarani tunamjua.) Uganda nao mwaka 2014 wakapitisha sheria ya kupinga ponografia, mtaani ikaitwa sheria ya mini, na watu wakajipa kazi ya polisi wakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani, eti kuwafundisha kuvaa. Yaani unamvua mtu nguo kwa sababu hajavaa nguo! Mahakama ya Katiba ikaja kuifuta Agosti 2021.

Na hapa kwetu, unakumbuka wimbo wa Chura? Mei 2016 serikali ikaifungia video yake, ya msanii Snura, na mwenyewe akazuiwa kufanya shoo mpaka amalize usajili BASATA, baraza la sanaa. Sitaki kuitetea ile video, mi binafsi kamera ilinichosha, muda wote iko chini ya kiuno. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Waandishi walioandika "yafungiwa kwa kukiuka maadili" waliipamba habari kwa picha zile zile zilizofungiwa, na neno chura likahamia mtaani, mpaka leo mwanaume akitaka kumsema mwanamke makalio anasema ana chura. Mwenye kamera hatumjui jina. Aliyeambiwa akajisajili ni mwanamke.

Halafu tarehe 1 Juni 2021 mbunge mwanamke wa Momba akatolewa bungeni kwa ajili ya suruali. Wiki nzima mitandao ikaweka ile picha, watu wanaikuza wapime inabana kiasi gani. Niulize siku ile kikaoni walikuwa wanajadili nini, mi mwenyewe mwalimu wenu sikumbuki, nakumbuka suruali.

Ndo maana mafeministi wengi wa huku wanasema mlinda maadili na muuza shepu ni mapacha, mmoja anasema funika na mwingine anasema funua, wote wameinama wanaangalia pale pale na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kumuuliza dada kasema nini. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia eti ufeministi ni kutetea kukaa uchi ujue hajasoma, au kasoma kava tu.

Sasa hili la "wenyewe wanajiposti". Hapa kweli mafeministi wanapigana, na sioni aibu kukwambia wanapigana.

Kuna wanaosema chaguo sio chaguo kama ukichagua lingine hupati hela. Dada anaposti akiwa anauza mikate, watu 40. Anaposti kageuka, watu 40,000, na wadhamini wanamtumia ujumbe. Kesho akigeuka tena utasema kachagua? Nyuma yake kuna soko zima linamsubiri, mkorogo, vidonge vya makalio ya Mchina vinavyouzwa hata mezani stendi, filta inayokung'arisha bila kuomba ruhusa. Na madhara yapo, sio maneno ya kanisani. Kuna utafiti maarufu wa Anne Becker kule Fiji, sehemu ambayo TV iliingia 1995 na mwili mnene ndo ulikuwa sifa. Kabla ya hapo hapakuwa na binti aliyesema anajitapisha apungue, mwaka 1998 wakawa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu ya tamthilia za nje! Na mwaka 2021 zilipovuja nyaraka za ndani za Facebook ilionekana wenyewe walishajua, asilimia 32 ya mabinti walisema wakiwa wanajisikia vibaya kuhusu miili yao Instagram inawazidishia. Sisi kwetu ugonjwa sio wembamba, ni namba nane, lakini kiwanda ni kile kile.

Kuna upande wa pili, na huu kwetu Afrika una mizizi kuliko watu wanavyodhani. Sylvia Tamale wa Makerere ameandika miaka mingi kwamba hii aibu tuliyobebeshwa kuhusu mwili wa mwanamke sehemu kubwa ililetwa na misheni na serikali za kikoloni, kwamba sisi tulikuwa na mahali pa kufurahia mwili na kuufundisha bila kuufanya dhambi. Ukitaka ushahidi muulize kungwi. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2013, watu wa nje walimjua kwa taarab lakini akina mama wa Unguja walimjua kwa ngoma ya unyago, na kwenye unyago kiuno kinakatwa kuliko video yoyote ya Bongo Fleva utakayonionyesha. Tofauti ni nani yumo chumbani. Mlango umefungwa, wanaume hamna, kila anayeangalia kesho ataangaliwa yeye, na hakuna anayeondoka na picha. Siku simu zilipoingia kwenye kigodoro na baikoko kiuno kikawa kile kile, ngoma ile ile, lakini imeshakuwa kitu kingine.

Na mwili unaweza ukasema jambo zito kuliko yote. Machi 1992 pale Uhuru Park Nairobi akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa nao, walipovamiwa na polisi wakavua nguo. Watu wazima, mama za watu. Hakuna aliyeshika fremu pale zaidi yao wenyewe, na kila askari aliyelelewa na mama alijua kinachosemwa, hiyo ni laana. Novemba 2014 pale pale Uhuru Park wanawake wakakusanyika tena, baada ya video ya dada aliyevuliwa nguo stendi kusambaa kwenye simu, wakaandamana, wengine na mini zao, wakisema nguo yangu chaguo langu. Uchi wa 1992 na uchi wa kwenye ile video ya 2014, ukipima kwa nguo ni kitu kimoja. Ukipima kwa nani kaamua havikaribiani hata kidogo.

Mi mwenyewe niko wapi? Naegemea hapo. Nguo inatupotezea muda. Naangalia fremu imeshikwa na nani, mwenye mwili ana uwezo wa kuifuta kesho, hela inaingia kwa nani, na kuna kichwa au hamna. Dada anayejiposti Insta kachagua pozi, kaandika maneno yake, komenti anazifunga akitaka, anafuta akichoka, na kama kuna hela inaingia kwenye M-Pesa yake. Naweza nisipende, naweza nikamhurumia kwa vile ile kamera ya edita wangu amekuja nayo mwenyewe nyumbani na kujipiga, lakini sina haki ya kumfungia. Na wapo wanaoitumia nafasi hiyo vizuri sana. Flaviana Matata mwaka 2007 alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico na kipara, Tanzania ndo mara yetu ya kwanza, akaingia kumi bora. Lupita Nyong'o mwaka 2017 jarida moja la Uingereza lilifuta sehemu ya nywele zake za asili kwenye picha ya jalada, yeye akaweka picha zote mbili hadharani, waliyoipiga na waliyoichapa, mpiga picha akaomba radhi. Angekaa kimya sote tungeamini ndo zilivyo.

Sasa rudi kwa bosi. "Mbona wenyewe wanajiposti." Wenyewe nani? Huyu wa dagaa kajiposti wapi? Bosi wako anachukua ruhusa aliyojipa dada mmoja wa Dar mwenye akaunti yake, anamkabidhi mwanamke mwingine wa Mwaloni Kirumba aliyeacha biashara yake asubuhi akaja studio kwenu kuongelea bei ya gunia. Wanawake hatukusaini mkataba mmoja.

Yule mama wa kitenge, sijakumalizia. Jumamosi alikuja ofisini na gazeti kalikunja kwenye kikapu. Mlinzi alitaka kumzuia, nikamuona nikamkaribisha, nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alilifungua mezani kwangu akalilaza, akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja na miwani kaivaa, akafika mwisho akaniuliza, "mwanangu, lile swali langu la riba mmeliweka ukurasa gani?" Hatukuliweka. Hamna ukurasa.

Kwa hiyo ukitaka kumjibu bosi usianze na Mulvey, atakufukuza. Anza na hela. YouTube tangu 2012 wanaangalia zaidi mtu kakaa kwenye video muda gani, sio kabonyeza tu. Aliyekuja kwa ajili ya shepu akikuta dagaa anatoka sekunde ya tano, na hao wa sekunde ya tano ndo wanaoizika video yenu. Halafu masharti yao ya matangazo yanahesabu hata picha ya mbele, kava ikionekana ya kingono matangazo yanapunguzwa au yanaondolewa kabisa. Muombe wiki mbili. Video za wanawake tengeneza kava mbili mbili, moja anavyotaka yeye, nyingine sura inaonekana, macho yanaonekana, na sentensi moja aliyoisema mwenyewe, kama katamka bei weka bei, watu wanapenda namba. Mwisho fungua takwimu mbele yake, muda wa kuangalia, sio idadi tu. Sikuahidi utashinda. Ila utakuwa umemtoa kwenye "wanawake wenyewe" umempeleka kwenye karatasi.

Kuna na kipimo kidogo nachowapa wanafunzi wangu, kila ukimaliza kukata picha ya mwanamke chukua mwanaume wa biashara ile ile umkate hivyo hivyo. Muuza dagaa wa kiume, kiuno mpaka magoti, kageuka, juu yake maandishi ya njano. Ukicheka basi umeshajua. Na kabla haijapanda mtumie mwenyewe WhatsApp, "dada hii ndo kava yako, sawa?" Inachukua dakika moja, na kwa uzoefu wangu hilo swali peke yake linabadilisha mkono wako kwenye mausi kabla hata hajajibu.

Na sio kwamba mna wanawake wengi hapo studio mnashindwa pa kuwaweka. Kuna utafiti wa dunia nzima unafanywa kila baada ya miaka mitano tangu 1995 kuhesabu nani anasikika kwenye habari, mwaka ule wanawake walikuwa asilimia 17, mwaka 2020 wamefika 25. Robo. Miaka 25 tumesogea pointi nane, na hata hao wachache wakifika tunawashushia fremu.

Ukikataliwa kabisa niandikie tena, kuna watu nawafahamu huko wanatafuta mhariri. Na hiyo video ya dagaa nitumie linki, nataka kumsikia gunia analipata kwa bei gani pale Mwaloni, maana hapa Buguruni sado wananiuzia kama nanunua kamba kochi.